Sauti Niliyoifunika kwa Magitaa

"Soma hapo. Soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Mchumba wangu alinisukumia simu juu ya meza ya mitambo studioni. Hakuwa amevua hata helmeti. Nikasoma:

"Magitaa yanaunguruma, ngoma zinatikisa kifua. Lakini mwimbaji yuko wapi? Anasikika kama mtu anayepiga kelele chumba cha pili, mlango umefungwa. Nyota mbili kati ya tano."

"Huyo wa gazeti," akasema. "Wa redio naye anasema aliyechanganya sauti za albamu hii hana masikio. Aliyechanganya ni nani?"

"Ni mimi."

"Miaka saba, Fundi! Miaka saba tunapiga roki nzito kwenye kumbi zisizo hata na viti, tunangoja albamu moja. Ndiyo hii uliyotupa?"

Bendi nzima waliniita Fundi, na yeye, mwimbaji wao, walimwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Lakini tukiwa wawili hakuwahi kuniita hivyo. Zilibaki wiki saba tufunge ndoa.

"Nilifanya nilivyoona inafaa," nikamjibu.

"Inafaa kwa nani?"

Akachukua simu yake, akatoka.

Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wake kwenye grupu la bendi: "Albamu inachanganywa upya. Nimepata fundi mwingine. Na mambo ya harusi yasimame kwanza."

Hazikupita dakika mbili, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu, dada yake Radi, ambaye ndiye mpiga ngoma wao.

"Wifi, unalia?"

"Silii."

"Basi umepata mafua ya ghafla. Haya, niambie. Wewe hata chumvi unapima kwa kijiko, halafu unakisawazisha kwa kisu. Mtu wa hivyo anamsahauje mwimbaji?"

"Sikumsahau."

"Ulimficha?"

"Wifi, acha asikie yeye kwanza."

"Basi asikie leo. Anakuja huko kuchukua mafaili ya nyimbo. Ukimpa kimyakimya, hizi fimbo zangu za ngoma nitazitafutia kazi nyingine."

Radi alifika saa tisa alasiri. Akasimama mlangoni kama mteja.

"Nimefuata mafaili."

"Yapo tayari. Kaa kwanza."

"Sina muda."

"Huyo fundi wako akiyafungua, kitu cha kwanza atakachosikia ni hiki. Sitaki uambiwe na mtu baki. Vaa."

Nikampa hedifoni. Nikazima gitaa la kwanza, la pili, besi, ngoma. Ikabaki sauti yake tupu, wimbo wa sita. Kwenye kiitikio, pale anapopanda, sauti ikapasuka, pumzi ikavuja, ikakatika kabisa, kisha ikarudi kama ya mzee.

"Nani huyo?"

"Ni wewe."

"Rudisha."

Nikarudisha. Nikamwekea na wa saba, na wa tisa. Mkono wake ulikuwa umeshika koo bila yeye kujua.

"Nilikuambia yalikuwa mafua," akasema taratibu.

"Mafua ya wiki tatu. Kila nilipokuomba turudie, ulisema iko sawa. Nikapandisha magitaa, wasikusikie vizuri."

"Lakini wamekutukana wewe."

"Mimi siimbi. Wakinitukana mimi, kesho naamka nafanya kazi."

Nilidhani atanikumbatia. Alivua hedifoni, akaziweka mezani, macho yamebadilika.

"Kwa hiyo miezi minne, tangu turekodi, umejua koo langu lina ugonjwa. Kila Jumamosi napanda jukwaani napiga kelele, na wewe uko kwenye mitambo unanitazama tu!"

"Niliogopa kukuvunja moyo. Mlikuwa na furaha mno."

"Ungeniambia, ningekwenda hospitali. Umeniacha niendelee kuliharibu."

Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye ile albamu, isipokuwa hilo.

"Nimekosa," nikasema. "Nililinda jina lako, nikadhani nakulinda wewe."

Akachukua helmeti yake.

"Na mimi nimekudhalilisha mbele ya bendi nzima," akasema. "Chukua koti lako, twende kwa daktari. Tutagombana njiani."

Tulikwenda kwa pikipiki yake. Upepo ulikuwa mkali, kugombana kukashindikana.

Daktari alimulika koo lake, akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti.

"Ukinitii, hatutapasua," akamwambia. "Wiki sita usiseme neno. Hata kunong'ona usinong'one."

Tukiwa bado kwenye benchi la hospitali, Radi akaandika kwenye grupu: "Hakuna fundi mwingine. Koo langu lilikuwa bovu, nikakataa kurudia, mchumba wangu akanisitiri. Nimemkosea, naomba radhi mbele yenu wote. Harusi iko palepale."

Wifi akajibu: "Wiki sita bila kelele zako? Daktari huyo apewe zawadi!"

Kisha Radi akaandika maneno kama hayo mtandaoni, chini ya makala ya gazeti, watu wote wayaone. Jioni mwandishi akamjibu: "Asante kwa ukweli. Nyota zinabaki mbili, lakini albamu ijayo nitaisikiliza wa kwanza."

Kwa wiki sita aliongea nami kwa kalamu. Tulimaliza madaftari matatu, na ugomvi wetu wote ukaisha humo, kwa maandishi, mpaka mengine tukacheka tulipoyasoma tena.

Siku ya ndoa daktari alikuwa amemruhusu maneno machache tu. Radi hakuyagusa tangu asubuhi. Mfungishaji ndoa akamuuliza kama ananikubali niwe mke wake. Akanigeukia mimi.

"Nakubali."

Ilikuwa sauti ndogo, ina mikwaruzo.

"Bwana harusi, paza kidogo," mfungishaji akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

"Hapana," nikasema mimi. "Mwache hivyohivyo. Mimi nimesikia."