Jino Lililopindwa

Kalamu ilikuwa ya moto mkononi, kama imetoka mfukoni mwa mgonjwa wa homa. Hilo pekee lingemkimbiza fundi mwenye akili. Lakini Fundi Jicho, na mimi namjua kuliko wote wanaojidai kumjua, alipenda sifa mno.

“Marehemu hakuiandikia hata siku moja,” alisema mjane aliyeileta. “Inakwaruza.”

“Mama, mimi hunyoosha yaliyomshinda aliyeitengeneza!”

Nibu, ile ncha ya kuandikia, ilikuwa ya dhahabu, ya zamani, na jino moja kati ya mawili lilikuwa limepanda juu ya mwenzake kwa unene wa unywele. Jicho akavaa lenzi, akalisukuma kwa ukucha, taratibu, mpaka tik! yakalingana. Karakana ikanuka damu. Akasema moyoni ni wino uliochacha. Kisha akafanya afanyavyo kila kalamu ikipona: akaijaribu kwa kuandika jina la mkewe.

Chumba cha pili, mkewe, aliyekuwa akimcheka kwa kuongea na vyuma, akakatika katikati ya kicheko.

Jicho alimkuta kitandani, macho wazi, midomo inacheza, sauti hakuna, ila kooni mwake kitu kilikuwa kinakwaruza, kwaru, kwaru, na kila kikikwaruza mstari mweusi ulitambaa chini ya ngozi ya shingo, ukipanda kuelekea mdomoni kama mtu anayeandika kutoka ndani.

Akamwita bibi mganga wa nyumba ya pili, akamwonyesha kalamu.

“Mjinga wewe!” bibi alinong’ona. “Jino lile halikupinda lenyewe, lilipindwa. Ndilo lililokuwa komeo la jini. Umemfungulia, halafu ukamwandikia pa kwenda!”

“Nifanyeje, bibi? Sina mwingine duniani.”

“Utalipinda tena. Ila subiri kwanza nimrudishe nda…”

Nani angesubiri, na mstari umeshafika kidevuni? Jicho akabonyeza. Tik.

Mkewe akakohoa. “Mume wangu, mbona umenikodolea macho hivyo?”

Jicho akalia kwa furaha kama mtoto. Bibi akarudi nyuma mpaka ukutani.

“Nilikwambia usubiri,” akasema. “Umefunga mlango. Nani alikuwa ndani ya kalamu?”

Jicho akaisogeza kalamu sikioni, na humo, mbali kama mtu aliye chini ya kisima, akasikia sauti ikimwita kwa lile jina la chumbani ambalo hata mimi silijui, ikilia, ikiomba afungue, afungue upesi, kuna giza na wino umemfika kifuani. Akaweka ukucha juu ya jino. Akatazama kwa lenzi, na kwenye shina la lile jino akaona ufa. Dhahabu ilikuwa imechoka kupindwa. Safari hii ingekatika, na mlango usingefunguka tena.

Aliyeketi kitandani akampapasa mgongo.

“Sukuma tu, mume wangu,” akasema kwa upole. “Ikivunjika, si nipo mimi?”