Kiatu cha Kushoto

Soko la Kilwa Masoko lilikuwa limefurika, maana watu wa korosho walikuwa wametoka kulipwa na kila mmoja alikuwa na lake la kununua. Ziada alijipenyeza mpaka kwenye turubai la viatu vya mtumba, dera lake la zambarau likikanyagwa huku na kule. Akaona raba ya kijivu, soli nene, ndani safi. Akaikamata. Kuinua macho atafute ya pili, akaikuta mkononi mwa mwanaume mrefu, ovaroli lake limejaa madoa ya grisi.

"Kaka, hicho changu," Ziada alisema.

"Chako kivipi, dada, na nimekishika mimi?"

"Mimi nina cha kulia."

"Na mimi nina cha kushoto. Ngoma droo."

Mwuza viatu akaangua kicheko. "Nyie oaneni tu, mvivae kwa zamu!"

Watu wakacheka. Ziada alitaka kukasirika, akashindwa.

"Unakwenda navyo wapi?" yule mwanaume akauliza.

"Natembea. Toka Njinjo mpaka Nangurukuru, kwa siku moja."

Kila aliyewahi kuambiwa neno lile alimtazama Ziada juu hadi chini, akacheka. Alikuwa mshonaji, kutwa yuko kwenye cherehani, mwili umemjaa, na kliniki walishamwambia habari za presha. Lakini yule mwanaume hakucheka. Alikigeuza kile kiatu, akakikung'uta vumbi, akakitazama kama soli imeshika sawasawa, ndipo akampa.

"Chukua. Ila nakuazima tu. Ipo siku nitakidai."

Jina lake Bashiru, mtu wa Mtama, fundi wa mafriji. Jioni ile ile alipiga simu.

"Namba yangu umeitoa wapi?" Ziada akauliza.

"Ipo kwenye kibao cha duka lako. 'Tunashona sare za shule.' Nina sare ya kushona."

"Unasoma darasa la ngapi, baba?"

"Ndiyo kwanza naanza. Mwalimu mwenyewe ndiye wewe."

Wakaanza kutembea pamoja kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Ziada alivaa suruali ya michezo chini ya dera, ushungi ameufunga nyuma. Mwanzoni alihema mpaka akawa hawezi kujibu salamu. Bashiru hakumwambia aongeze mwendo. Alijifanya kamba ya kiatu imefunguka, akainama kuifunga, akaifunga kwa muda mrefu hadi Ziada alipopata pumzi.

"Kamba zako zina matatizo," Ziada alimwambia siku moja.

"Sana, mpenzi. Na za kesho naona zitafunguka pale pale kwenye kilima."

Neno "mpenzi" lilipita kama halikusemwa. Lakini siku ile Ziada alishona mfuko wa shati nje ndani, ikabidi aufumue.

Asubuhi nyingine walikaa mchangani kula ndizi, ndipo Ziada akamweleza sababu ya safari ile. Alipokuwa mchanga homa ilimpanda hata akawa hashiki ziwa. Mto ulikuwa umefurika, magari hayapiti. Mama yake akamfunga mgongoni, akatoka naye Njinjo kwa miguu kutafuta hospitali. Giza likamkuta njiani, na mwanamke asiyemjua akamfungulia mlango, akampa kanga kavu na uji wa moto.

"Jina lake nani?" Bashiru akauliza.

"Mama hakuuliza, alivyokuwa amechanganyikiwa. Anakumbuka kitu kimoja tu. Yule mwanamke alimpa uji kwa mkono wa kushoto, akamwomba radhi, kwamba wa kulia hauna nguvu. Mpaka leo mtu akimpa mama kitu kwa kushoto, hanuni kama watu wengine. Anakipokea kwa mikono miwili."

Bashiru aliihamishia ndizi mkono wa kushoto, akautazama.

"Mimi nilipita njia ile nimelala mgongoni," Ziada akasema. "Nataka niipite macho yakiwa wazi. Nijue kama bado kuna mtu anayemfungulia mlango asiyemjua."

Ulipofika wakati wa kujipima, Ziada alikwenda kutembea nusu ya ile njia peke yake, kwa kuwa Bashiru alikuwa na kazi mjini. Jua lilikuwa kali. Hakufika mbali, mwanamke mmoja akatoka na kikombe cha maji. Nyumba ya mbele akapewa muhogo wa kuchemsha, wa moto, umefungwa kwenye jani la mgomba. Ziada akatembea huku machozi yanamtoka kwa furaha. Kumbe watu bado wapo!

Kisha mama mmoja mkaanga maandazi akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Yule kijana wako wa pikipiki alishatuambia utapita."

Ziada akakiweka kikombe chini. Akatoa simu.

"Bashiru, ulipita huku?"

"Nilipita, kipenzi."

"Ukawaambia mimi nakuja?"

"Niliwaambia, ndiyo, ila..."

"Kwa hiyo wote hawa umewapanga. Kama watu wanavyopanga vigelegele vya harusi."

"Ziada, nisikilize. Kuna jambo nalitafuta, sijalipata bado, ndiyo maana sikusema..."

"Jambo langu lilikuwa moja tu, Bashiru. Na umeliharibu."

Akakata. Alirudi kwa bodaboda, kiatu cha kushoto kikimbana kuliko siku zote.

Bashiru alipiga, Ziada hakupokea. Alikuja dukani, Ziada akakanyaga cherehani kwa nguvu hata sauti yake isisikike. Nyumbani, mama yake alikuwa akimtazama tu.

"Jana kijana kaniletea barafu," mama alisema. "Kakaa pale kwenye mkeka, ananiuliza habari za njia ile. Ana heshima."

"Mama, naomba tusimzungumze."

"Sijamzungumza. Nimeizungumza barafu."

Ziada hakuacha kutembea. Ila sasa hakukuwa na mtu wa kufunga kamba kwenye kilima, akajifunza kusimama mwenyewe apate pumzi. Kisha akachagua siku, akamwambia mama yake peke yake, akaenda kulala kwa mjomba wake Njinjo.

Alitoka kulipokucha. Alivaa gauni lililofifia, akajifunika ushungi hadi puani, akajitwika kifurushi kichwani kama mtu yeyote anayekwenda shughuli zake, ili asijulikane kuwa ndiye yule wa kijana wa pikipiki. Akapita nyumba ya muhogo bila kugeuka. Akapita nyumba ya maandazi. Mchana miguu ikawa mizito, kisigino kimechubuka. Alipoona kivuli cha baraza akaomba hodi, akaketi.

Bibi kizee akatoka. Hakuuliza huyu nani wala anatoka wapi. Akarudi ndani, akatoka na kikombe.

"Samahani, mwanangu, nakupa kwa kushoto. Huu wa kulia hauna kazi tangu ujana wangu."

Ziada alikipokea kwa mikono miwili. Maji yakamwagikia gauni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mwaka wa mafuriko makubwa, ulimpokea mama mwenye mtoto mgonjwa?"

Bibi akaushusha ule ushungi taratibu, akamtazama.

"Kumbe uliishi," alisema. Akakaa chini. "Kila mvua kubwa ikinyesha najiuliza kama uliishi."

Walilia kwanza, kisha wakacheka, kisha wakaulizana majina, na bibi akamletea uji.

"Kijana wako alisumbuka," bibi alisema. "Nyumba kwa nyumba, anauliza ni nani huku anayetoa kitu kwa kushoto. Mimi nilikuwa kwa binti yangu. Juzi ndiyo kanikuta. Nikamwambia nitasimama barabarani nimngoje. Kasema hapana, bibi, mwache. Akisimama kwako, asimame mwenyewe."

"Na wale walionipa maji, aliwaomba yeye?"

"Aombe nini? Mtu akipita na jua hili asipewe maji? Mbona hata yeye walimpa, na alikuwa kwenye pikipiki!"

Ziada alicheka na kulia kwa pamoja. Akatoa simu.

"Bashiru."

"Naam."

"Uko wapi?"

"Nangurukuru. Natengeneza friji la mwuza soda."

"Limeharibika nini?"

"Limepona tangu asubuhi. Natafuta tu sababu ya kukaa hapa. Mama yako naye kakalia kreti, kaniambia nisimwambie mtu."

"Naomba radhi."

"Tembea kwanza, mpenzi. Radhi utaniomba ukifika, nikuone uso."

Jua lilikuwa limelegea alipotokea njia panda ya Nangurukuru, katikati ya mabasi na wauza korosho. Alichechemea, gauni limepauka kwa vumbi, uso unang'aa. Aliinama, akakivua kiatu cha kushoto, akampa Bashiru kwa mkono wa kushoto.

"Ulisema utakidai. Nimekirudisha, na radhi naomba."

Bashiru akakipokea kwa mikono miwili.

"Radhi umepata. Kiatu sikitaki, Ziada. Namtaka mwenye mguu. Ukikubali, nimtume mshenga kwenu."

"Mtume," Ziada alisema. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa ameshafikiri njia nzima.

Kisha akamgeukia mama yake, akapiga magoti mbele ya lile kreti. "Mama, anaitwa Mwanasha. Yuko hai. Anakusalimia."

Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Akalitaja lile jina polepole, tena na tena, kama mtu anayeonja chakula cha zamani.

"Mshenga wako," alimwambia Bashiru alipopata sauti, "kabla hajafika kwangu, apitie kwa Mwanasha. Yeye naye ni mama wa huyu."

"Sawa, mama. Nitampakia kwenye pikipiki kesho kutwa."

"Kwa miguu!" mama na mwana wakasema pamoja.