Utando Kwenye Taa za Mkunga

Jioni ile mkunga hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipotoka zamu alikata kona hadi kwa Macho Manne, fundi umeme wa magari, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani yake minene kama kitako cha chupa. Watu hawakuacha kumtania: mtu asiyeiona pua yake mwenyewe anaponyaje taa za wenzake? Naye jibu lake lilikuwa hilohilo kila siku: "Mganga hajigangi, jamani."

"Zimefifia tena?" aliuliza kabla mkunga hajazima gari.

"Tena, fundi. Jana nimemwona mtu wa baiskeli akiwa tayari ubavuni. Kidogo tu nimtie mtaroni."

Macho Manne alichuchumaa mbele ya bampa. Taa zile za zenoni, nyeupe na kali, alizifunga kwa mkono wake mwenyewe, baada ya mkunga kuchoshwa na zile za njano zilizokuja na gari. Njia ya kwenda zahanati haikuwa na nguzo ya taa hata moja, na mitaro ilikuwa pande zote mbili. Wiki ya kwanza taa mpya ziliifanya njia ile kuwa mchana. Kisha zikaanza kufa kidogo kidogo. Fundi alibadili balbu. Akapima umeme, akakaza nyaya. Akapiga vioo msasa wa maji na kuving'arisha kwa dawa mpaka vikatakata kama vipya. Siku chache tu, mambo yakarudi yaleyale.

"Balbu nzima, umeme unafika," alisema. "Ugonjwa uko hapa juu."

Akapitisha kidole kwenye kioo.

Halikuwa vumbi. Wala haikuwa ile rangi ya njano inayoletwa na jua. Ulikuwa utando mzito, mweupe wa maziwa, kama ngozi inayoganda juu ya uji uliopoa. Fundi aliukwangua kwa ukucha. Utando ukavutika... ukavutika... kama ute wa yai bichi, mpaka ukakatika na kumwangukia kwenye kiatu.

Akanusa ukucha. Akageuza uso upesi.

"Mama, wewe ni mkunga. Umeshanusa mengi. Hebu nusa na hili."

Kweli alishanusa mengi. Damu iliyolala, maji ya uzazi yaliyooza, vidonda ambavyo wenzake huvikimbia. Pua yake ilishakuwa sugu. Lakini alipoinama kwenye kile kioo, alijikuta amerudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyetoka usingizini, hajapiga mswaki... na chini yake kitu kitamu, kitamu cha kuvunda.

"Mate," alinong'ona.

"Neno hilo umelitamka wewe, si mimi."

"Si mbwa tu, fundi?"

Macho Manne alimwonyesha ukingoni mwa kioo, pale utando ulipokuwa wa kahawia na kujikunja. "Hapa yameungua. Aliyelamba, alilamba taa zinawaka. Mbwa gani huyo?" Akafuta kidole kwenye kitambaa, akakitupa kitambaa chenyewe. "Nitazing'arisha sasa hivi. Lakini ukifika nyumbani, jifiche mahali utazame. Mimi simsemi mtu."

Nyumbani palikuwa na watu wawili tu wa kumngoja. Mmoja binti yake mdogo, aliyeitwa Bibie kwa kupenda kwake kuamrisha wakubwa. Wa pili mume wake, mshonaji, aliyefanyia kazi sebuleni ili amwangalie mtoto. Mtu mpole, vidole safi, sauti haijawahi kuvuka ukuta. Majirani walimwonea mkunga wivu waziwazi. Kila jioni gari likisimama, mume alikuwa keshafika mlangoni.

"Pole na kazi, mama Bibie. Niachie funguo, nitoe mizigo. Wewe kaoge."

Ndivyo alivyosema na jioni hiyo. Mkunga akampa funguo. Akaingia bafuni, akafungua bomba ili maji yasikike, kisha akatoka kwa ncha za vidole mpaka dirisha la jikoni.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Mume aliteremsha kikapu, akakiweka chini. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akawasha taa kubwa.

Ukuta mzima wa uani ukawa mweupe.

Alipiga magoti mbele ya bampa na kuiweka mikono mgongoni, kama mtoto aliyekatazwa kushika chakula. Akafunua kinywa. Ulimi ukatoka. Ukaendelea kutoka. Ulikuwa mpana, umevimba, una magamba meupe ya malengelenge ya zamani, na ulipogusa kioo cha moto mate yalichemka.

Tsss...

Kisha ile sauti. Chap... chap... chap... Taratibu, bila haraka, kama ng'ombe anayemlamba ndama. Uzi wa mate ulining'inia kidevuni, ukarefuka, naye akauvuta ndani usipotee. Kila alipomeza, koromeo lilipanda na kushuka, na taa ilipungua. Na shingo yake, Mola wangu! Shingo yake iliwaka kwa ndani, nyekundu, mishipa yote ikionekana, kama kiganja kilichofunika tochi.

Mkunga alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa bado amesimama pale mume alipoingia, akijipangusa midomo kwa leso.

"Hujaoga bado?" Akambusu shavuni.

Busu lilikuwa la moto. Na lilikuwa na majimaji.

Miaka yote ya ndoa ilimpanda mkunga kooni kwa mara moja. Kila busu, kila kijiko walichochangia, kila kikombe alichomnywea. Aliwahi karo la vyombo, akatapika mpaka nyongo. Mume alimshika mgongo, akamsugua kwa upendo.

"Mama Bibie," alicheka, "isije ikawa tunaongeza familia."

Usiku huo alilala amempa mgongo, amejifunika shuka mpaka kichwani, na bado harufu ile alikuwa anaisikia kwenye mto.

Kesho yake, alipotoka zamu jua likiwa bado halijazama, alilipeleka gari kwa Macho Manne.

"Lifungie ndani. Asilitoe mtu, hata mume wangu."

Fundi alishusha mlango wa chuma wa karakana, akafunga kufuli. Mkunga akakaa kwenye benchi pale nje, akampigia simu mama mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Mama... mwanao alipokuwa mdogo, alikuwa na tabia yoyote ya... ya taa?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Amerudia?" mama mkwe alinong'ona.

"Mama, niambie."

"Tulikuwa tunamkuta analamba chemni, kile kioo cha taa ya mafuta. Ulimi umetoka malengelenge, lakini analamba tu. Tulimchapa. Tukampaka pilipili. Baba yake akaniambia niache, maana na yeye..." Akasita.

"Na yeye nini, mama?"

"Ya marehemu tuyaache. Sikia neno moja, mwanangu. Usimnyime. Hiyo taa anayoitaka mwachie. Sisi tulimnyima, tukaficha taa zote, tukawa tunalala gizani tukijiona wajanja. Haukupita muda, mbuzi wetu wakaanza kugonga ukuta."

"Mbuzi?"

"Macho yao, mwanangu. Yalikuwa meupe..."

Mkunga hakumsikia tena. Simu ilimponyoka, akaiokota, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. "Kimbiza!" Dereva aliuliza kama kuna mgonjwa. Mkunga alimgonga bega aongeze mwendo. Jua lilikuwa linazama, na kwenye kila dirisha walilolipita watu walikuwa wanawasha taa.

Dirisha la kwake lilikuwa jeusi.

Alisukuma mlango. Sebuleni palinuka kinywa. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani mshonaji alikuwa amempakata Bibie. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala nyuma kwenye mkono wa baba. Kidole gumba kimelifunua kope.

"Tulia, mwanangu. Kidudu kinatoka. Kidogo tu..."

Mzazi gani hajawahi kumtoa mwanawe kidudu jichoni kwa ulimi? Mama yake mkunga alimfanyia hivyohivyo. Lakini baba huyu alikuwa anameza.

Chap... chap...

Na shingo yake ilikuwa na mwanga. Mdogo sana. Wa rangi ya chai.

Mkunga alimnyakua mtoto kwa nguvu hata kiti kikapinduka. Uzi wa mate ulivutika kati ya jicho na kinywa, ukakataa kukatika, ikabidi aukate kwa mkono. Ulikuwa wa moto, ukajizungusha vidoleni. Aliusugua kwenye sketi, akausugua tena, naye Bibie akilia, "Mama, kumeganda! Kumeganda!"

Mshonaji alibaki sakafuni. Neno lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Gari liko wapi?"

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Gari liko wapi, mama Bibie?" Midomo ilikuwa inamtetemeka. Ndipo akajiona, akajifunika uso, akalia kwa kwikwi kama mtoto. "Zile za njano nilizivumilia. Miaka yote niliweza, hata hukujua. Hizi nyeupe umezileta mwenyewe. Wewe unaijua dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto akishayaonja, nani wa kumwachisha?" Akamtambalia, akamshika kifundo cha mguu. "Usiniache gizani."

Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Mkunga alivuta mguu, kiatu kikabaki mkononi mwa mume wake, naye akatoka vile vile, mguu mmoja peku, mtoto begani.

Walihamia kwa dada yake, upande mwingine wa mji. Usiku kucha aliliosha jicho la kulia la Bibie kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, na kila pamba ilitoka na utelezi uleule. Siku zilivyokwenda utando ukaisha. Daktari wa macho alilimulika jicho, akaandika kwamba ni zima. Bibie mwenyewe alikubali kwamba anaona. Ila alipoulizwa anaonaje, alifumba jicho la kushoto, akatazama uwanja uliojaa jua la saa sita, akasema:

"Upande huu ni jioni."

Kuhusu gari, mkunga aliyashika maneno ya mama mkwe wake. Alimwambia Macho Manne amrudishie mume wake. Fundi akalipeleka, na tangu siku hiyo liliegeshwa uani, taa zinawaka kila jioni. Majirani wakasema maskini, anamwashia mkewe taa arudi. Baadaye fundi alipiga simu. Alikuwa ameitwa kubadili balbu, na kazi hiyo hakuiweza.

"Vioo vimelika, mama. Vimekuwa vyembamba kama ganda la kitunguu. Cha kulia kimetoboka. Nimemwambia zimekufa hizi, sina dawa." Akakohoa. "Alinishukuru vizuri tu. Kisha akaniomba nivue miwani. Nilikimbia, sikuona hata njia."

Mshonaji alikuja siku ya tatu baada ya simu ile. Magharibi, wakati dada mtu yuko dukani. Alibisha hodi kwa adabu. Kupitia nondo za geti mkunga aliona shati lililopigwa pasi, nywele zimechanwa, na mkononi kigauni kipya cha Bibie, kimeshonwa kwa ustadi uleule. Amekonda. Midomo imepasukapasuka, na kwenye mipasuko kulikuwa na ute mweupe aliokuwa anaupangusa kwa leso, kwa aibu.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema kwa upole. "Nimemletea gauni tu. Anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Anaona?"

Mkunga alishika kufuli la geti, akahakikisha limefungwa. Nyuma yake, ndani ya nyumba, Bibie alikuwa anawaamrisha wanasesere wake walale.

"La kulia linaona giza," alisema. "La kushoto ni zima."

Mume wake aliitikia kwa kichwa polepole. Akalitundika gauni kwenye nondo, akalinyoosha mikunjo. Kisha akauinua uso kuelekea dirisha lenye sauti ya mtoto, akameza mate.

"Najua," alisema. "Lile bado."