Nusu Kijiko cha Chumvi

Nyumbani kwa Mama Jamila, pale Kindu, chumvi haikosi. Hata sombe ya majani ya muhogo ipikwe bila samaki, kopo la chumvi limejaa. Majirani humcheka. Wacheke tu! Wao hawajui njaa ya chumvi.

Wakati wa vita njia zilifungwa. Watu walichoma majani ya mtoni wapate chumvi ya majivu. Ndipo binti yake mdogo, Mwavita, aliharisha. Muuguzi alisema apewe maji ya sukari na chumvi. Chumvi ya kweli itoke wapi? Mtoto alikauka, akafia mikononi mwa mama yake. Uchungu huo haujaisha.

Mwaka jana mjukuu wake, Zuberi, naye akaharisha. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda Lokandu kununua samaki. Macho ya mtoto yalizama, midomo ikakauka. Mama Jamila alichukua maji, sukari na kijiko kikubwa cha kulia wali. Akakijaza chumvi hadi ikamwagika. Safari hii hatabana chumvi!

Zuberi alikunywa, akatapika, akalia kiu.

Akaingia Françoise, jirani anayefundisha mtaa mambo ya afya. Alionja maji yale, akatema.

"Yoo, mama! Umetia kijiko gani?"

"Hii hapa. Chumvi njo dawa, hapana?"

"Ndiyo, njo dawa. Lakini ikizidi, inamukausha mutoto zaidi. Inaweza kumuua."

Mama Jamila akaketi chini. "Maskini mimi! Wa pili huyu!"

"Simama, mama. Mwaga hii. Leta kijiko kidogo ya chai."

Françoise alipima maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja. Akatia sukari vijiko vidogo sita, na chumvi nusu kijiko. Kila kijiko alikisawazisha kwa kisu, kisiwe na kilima.

"Onja, mama. Chumvi isipite ya machozi."

Mama Jamila alionja. Machozi anayajua sana. "Njo hii," akasema.

Wakambeba mtoto hadi kituo cha afya, wakimnywesha kidogo kidogo njiani. Huko muuguzi akamtunza. Jioni Zuberi alilowesha kitenge cha bibi yake.

"Kojoa, baba, kojoa!" bibi alicheka huku akilia.

Leo kijiko kidogo kimefungwa kwa kamba kwenye kopo la chumvi. Kila mama mwenye mtoto anayeharisha huonyeshwa. Wakishaondoka, Mama Jamila hukitazama peke yake. Chumvi aliyoikosa Mwavita ilikuwa nusu ya hicho tu.