Tundu Lililozibwa Siku Hiyohiyo

Maji yalipanda.

Injinia alikuwa amemwaga ndoo nzima katikati ya bafu jipya, apate kuifurahia kazi ya mikono yake. Sakafu ilikuwa imelala kuelekea tundu jipya chini ya shawa, mtelemko wa vidole viwili, alioupima mwenyewe mara tatu. Maji hayakulitazama tundu. Yalijikusanya, yakasita kidogo kama wageni wasiojua njia, kisha yakaupanda ule mtelemko hadi kona ya nyuma, pale tundu la zamani lilipokuwa kabla ya kuzibwa. Yakasimama pale yakitetemeka.

Akachukua pima-maji, akaiweka sakafuni. Kiputo kikakaa palepale kinapotakiwa kukaa.

"Hii sasa ni dharau," akasema, akayafuta kwa tambara.

Jina la Injinia alipewa na mtaa, na halikuwa la sifa. Digrii ya uhandisi wa maji anayo kweli. Cheti kiko kwenye fremu sebuleni, na kazi pekee kilichofanya kwa miaka minne ni kuficha ufa wa ukuta. Kila ofisi aliyopeleka sivii ilimwambia alete uzoefu, utadhani uzoefu unapimwa dukani robo kilo. Bafu hili lilikuwa mradi wake wa kwanza maishani, na mteja alikuwa baba yake.

Miezi sita nyuma Mzee alipigwa na kiharusi, kikamnyang'anya upande wa kulia na maneno yote. Bafu la zamani lilikuwa na kizingiti kirefu na sakafu ya utelezi. Alianguka mara mbili. Tangu hapo wakawa wanamwogeshea uani, nyuma ya shuka lililofungwa kwenye kamba. Mwalimu wa hesabu aliyewatandika nusu ya watu wazima wa mtaa ule, leo anaoshwa mgongo mchana kweupe huku wanafunzi wake wa zamani wakipita njiani na kusema, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu zote, macho yakiwa kwenye shuka.

Dada mtu, mpishi wa kantini ya kiwanda, ndiye aliyetoa bajeti, na bajeti yenyewe ilikuwa ya kukohoa tu inaisha. Taili walizipata za mabaki kutoka maduka matatu: ukuta mmoja bluu, mwingine maua, wa tatu rangi ambayo mwenye duka mwenyewe alishindwa kuitaja. Shawa ya mtumba. Fundi alikuwa mmoja tu, mtu wa makamo mwenye magoti yaliyosagika kwa kuchuchumaa, na Injinia ndiye aliyembebea zege.

Fundi alilaza taili zote, akaiacha ile kona ya nyuma wazi.

"Mdogo wangu, tundu la zamani halizibwi siku hiyohiyo," alisema akinawa mikono. "Unaliacha wazi siku tatu. Unamwagia maji ya baridi, unasema kwa adabu: njia tunaihamisha, mliomo tokeni kwa amani. Halafu ndiyo unaziba."

"Kina nani hao?"

"Kwa majina siwajui. Najua wanakaa."

"Fundi, mimi nimesomea maji miaka minne chuoni. Hiyo mada hatukufundishwa."

"Basi maprofesa wako hawajawahi kuziba tundu."

"Na hizo siku tatu nani atakulipa?"

"Nimekudai? Nakwenda zangu kwangu kulala, siku ya tatu nitapita. Wewe liache tu wazi."

Huenda angeliacha. Lakini jioni ile, jua likiwa bado juu, Dada alipokuwa akimwogesha Mzee uani, upepo uliliinua shuka. Wasichana wawili wa shule waliokuwa njiani wakaona, wakabanwa na kicheko, wakakimbia. Mzee alilikamata shuka kwa mkono wake mmoja mzima, akalivuta, akalivuta, halikufika. Akaanza kulia bila sauti.

Injinia akaingia ndani akabandika sufuria kubwa ya maji. Yalipochemka akayatia dawa ya kuzibulia mabomba, ile kali inayokula hadi kucha, akayamimina yote kwenye tundu la zamani, apate kulisafisha upesi zege lishike vizuri. Mle ndani kitu kililia. Sauti nyembamba, zaidi ya moja, kwa pamoja, kisha kimya.

"Hewa," akasema, kama aliyeulizwa.

Akashindilia matambara, vipande vya taili na zege, akapaka juu, akalaza taili ya mwisho. Asubuhi yake ndipo maji yalipopanda.

Siku ya kwanza ya kuoga ndani, nusu ya mdomo wa Mzee iliyobaki hai ilitabasamu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya shawa kama mfalme. Kisha akageuza macho kwenye ile kona, na tabasamu likafa.

Siku ya pili harufu ikaja: maziwa yaliyoungua, na nyuma yake nywele. Siku ya tatu grauti ya kona, ile saruji ya kati ya taili, ikakutwa imechimbwa, michirizi minne minne, kama ya kucha za mtu aliyekuwa akitafuta pa kushika. Injinia akaipaka upya akiwatukana panya. Dada akachuchumaa, akaipima ile michirizi kwa vidole vyake.

"Panya gani ana kiganja?" akanong'ona.

"Dada, usianze."

"Sianzi mimi. Wewe ndiye uliyeanza kitu humu."

Fundi alipita siku hiyohiyo, kama alivyoahidi, akaikuta kona imefungwa. Akaigonga taili kwa kidole.

"Walitoka?"

"Walitoka wote, wameaga na mkono wametupa."

Fundi hakucheka. Akachukua mwiko wake akaondoka.

Siku ya nne sikio la kushoto la Mzee halikusikia, na jioni la kulia likalifuata. Siku ya tano pua zikaziba, akawa anahema kwa mdomo kama aliyepandishwa mlima. Siku ya sita Dada alimpa supu kwa kijiko ikarudi, akampa maji yakarudi, yote, safi kama yalivyoingia, kama yamegonga ukuta. Mganga wa zahanati alimulika kwa tochi, akasema koo li wazi, masikio ni safi, yeye haoni kitu. Wamkimbize hospitali kubwa, maana mtu hawezi kukaa hivyo bila maji. Dada akatoka mbio kutafuta gari.

Injinia akabaki na baba yake. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati, hakuna hata mbwa aliyekuwa akibweka. Akamwingiza Mzee bafuni amkande kwa kitambaa chenye maji, angalau ngozi inywe kile ambacho koo limekataa, na alipokuwa akimkanda shingo akahisi chini ya ngozi ile iliyolegea kitu kigumu, baridi, chenye ncha, kama zege lililomwagwa likakauka, akaondoa mkono, na palepale Mzee, ambaye kwa miezi sita hakuwa ametamka hata neno la kuomba choo, akainua uso wake, akafungua mdomo mzima, upande wa kulia na wa kushoto, akasema kwa sauti ya mwanamke, ya upole, iliyochoka:

"Wewe si ndiye uliyesomea maji?"

Kitambaa kikamdondoka.

"Nilitoka kidogo kuwatafutia chakula wanangu," sauti ikasema. "Kurudi, mlango umekuwa jiwe. Siku sita nachimba. Kucha zimekwisha."

"Wangapi?" Hakujua kwa nini aliuliza hilo.

"Watatu. Mdogo bado wa kubebwa. Watakuwa na njaa." Macho ya Mzee yalitua juu yake, na hayakuwa ya Mzee. "Umeziba kwangu, nami naziba kwako. Nimeziba masikio, nimeziba pua, nimeziba koo. Bado mdomo. Nifungulie kabla jua halijatua, au huyu hatapata mahali pa kupitishia pumzi."

Fundi alipopigiwa simu hakuuliza mengi. Alifika akiwa na patasi na nyundo, akasimama mlangoni pa bafu, hakuvuka.

"Nijibu kama mwanamume. Ulimwaga ya moto?"

Injinia alimtazama baba yake kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeinama, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Aliwaza: nikisema ndiyo, huyu mwanamke atammaliza hapahapa.

"Hapana," akajibu.

"Una hakika?"

"Fundi, baba yangu anakufa!"

"Vunja basi, kwa mkono wako mwenyewe. Na uombe radhi kwa mdomo wako, useme kila ulilofanya. Usiache hata moja, mdogo wangu. Hawa ukweli wanausamehe. Uongo hawaujui dawa yake."

Injinia akapiga magoti. "Niliziba bila hodi," akasema akigonga. "Nilikuwa na haraka. Niliona aibu kwa ajili ya baba. Nisamehe, mama." Taili ikapasuka. Akachimba zege, akang'oa matambara moja moja, vidole vikavuja damu, na mwisho tundu likafunguka, likatoa mvuke. Siku sita zimepita, na bado lilitoa mvuke.

"Kuna lingine?" Fundi akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

Mzee akainama mbele kwenye kiti. Ile sauti ya mwanamke ikalainika, ikawa ya kubembeleza, sauti ambayo kila aliyewahi kuwa mtoto anaijua.

"Haya, njooni. Mama amerudi."

Tundu likaendelea kutoa mvuke.

Akawaita kwa majina, matatu, majina yenye mlio wa tone likidondokea ndani ya kisima. Akasubiri baada ya kila jina, kama mama anayejua kwamba mtoto huchelewa kwa kucheza. La mwisho, la yule wa kubebwa, aliliita mara mbili.

"Wamelala?" akauliza. "Mbona hawaitiki?"

Fundi alimgeukia Injinia polepole. "Kijana. Ulimwaga nini humo?"

Sauti ikajibu kwa niaba yake, bado ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele yoyote: "Ingiza mkono. Nitolee wanangu."

Mkono wake ukaingia, na hakuwa na hakika kwamba ni yeye aliyeuingiza, ukashuka hadi kiwikoni katika lile joto la utelezi, ukagusa kitu laini, kisha kingine kando yake, na cha tatu, kidogo kabisa, kilichokuwa kimejificha chini ya hivyo viwili kana kwamba vilimlalia ili kumkinga, na alipouvuta mkono nje ulikuwa na nywele nyepesi za kitoto zilizogandamana na ngozi iliyochemka, nao ulinuka maziwa.

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomtisha Fundi hata akarudi nyuma hatua tatu.

"Niliwaita," sauti ikasema hatimaye, "hawakuitika." Ikapumua kupitia kifua cha Mzee. "Huyu sina ugomvi naye. Namwacha. Tena namrudishia na sauti yake. Atakuwa na kazi nayo."

Mzee akapiga chafya. Vumbi la kijivu likamtoka puani na masikioni, akakohoa, akatema kokoto, akameza mate, akameza tena. Rangi ikamrudia midomoni. Injinia akaona hayo yote, na furaha ikampanda kifuani, akataka kumwambia Fundi, ona, ona, anameza!

Ndipo alipogundua kwamba kikohozi kile hakukisikia.

Fundi alikuwa akipiga kelele mlangoni, mishipa imemtoka shingoni, na haikutoka hata sauti. Injinia akajishika sikio. Kidole kikagonga kitu kigumu, baridi. Pua ikajaa. Kooni kitu kizito kilikuwa kikishuka taratibu, kikijisawazisha vizuri, kama zege linavyolazwa na fundi asiye na haraka.

Mzee alikuwa ameinuka. Kwa miguu yake miwili, ameshika ukuta wa maua, analia, anamtazama mwanawe, na mdomo wake mzima ulikuwa ukitengeneza jina: si lile la mtaa, bali lile alilompa mwenyewe siku aliyozaliwa. Injinia akafungua kinywa amwitikie. Midomo ya Mzee ikafunga, ikasubiri kidogo, ikaita tena.