Waya Niliouficha Mfukoni

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na saba, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni ufundi umeme. Ninaishi Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Ninaandika haya kwa aibu kubwa, kwa sababu kwa miezi minne watu walinisifu kwa wema ambao sikuwa nao...

Nilikuwa na jina mtaani. Waliniita Fundi Dairekti. Mashine ya kusaga ikigoma, pampu ya kisima ikigoma, mimi natafuta kile kidude kinachoizuia, nakiruka, naunga waya moja kwa moja, na mashine inanguruma. Mafundi wenzangu waliwaambia wateja wasubiri kifaa kije kutoka Mbeya. Mimi nilimaliza kabla chai haijapoa. Nilijivuna sana!

Kuna nyumba ya wageni moja mjini, jina nalihifadhi, ambayo mmiliki wake, aliyenitumia kwa kazi zake zote za umeme, alijenga bwawa la kuogelea. Mnaoijua Ufipa mtacheka. Nani anaogelea kwenye baridi yetu ya Juni? Lakini maharusi walipenda kupiga picha pale, na bosi alilipenda bwawa lake kama mtoto. Halikuwa la kutiwa dawa kwa mkono. Lilitiwa chumvi, na ukutani kulikuwa na mashine inayopitisha umeme kwenye yale maji ya chumvi na kutengeneza klorini humo humo.

Fundi aliyekuja kuifunga alinieleza vizuri, siwezi kusema sikuambiwa. Alinionyesha kidude kidogo kwenye bomba. Kazi yake ni kuangalia mambo mawili: maji yanapita? Na je, si ya baridi kupita kiasi? Likikosekana moja, kinaizima mashine. Alisema mashine ikifanya kazi hutoa pia gesi inayolipuka. Maji yakipita, yanaisomba ile gesi na kuitoa nje taratibu. Maji yakisimama, gesi inajaa ndani ya chombo.

"Huyu ndiye mlinzi wako," aliniambia.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikiangalia simu.

Kazi ya kulitunza bwawa nilimtafutia shemeji yangu Masanja, kaka mkubwa wa mke wangu Kabula. Wao ni Wasukuma, wazazi wao walihamia Rukwa na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Nilipokwenda kuposa, baba yao hakutaka kusikia habari za Mfipa asiye na hata ndama. Ni Masanja aliyenitetea. Kwa hiyo nilipomtoa kwenye shamba lake la Mollo na kumleta mjini, niliona nimelipa fadhila. Nilimfundisha mwenyewe kufagia bwawa, kusafisha chujio na kuwasha pampu.

Juni ikaingia. Maji yakawa ya kukata mifupa, na mashine ikawasha taa nyekundu na kugoma. Bosi akanipigia simu. Jumamosi kulikuwa na harusi, naye hakununua mashine ya bei ghali ili ilale! Ndugu zangu, mashine ilikuwa na haki. Maji ya baridi hayahitaji klorini nyingi, na dawa kidogo ya mkono ingetosha kabisa. Lakini Fundi Dairekti aseme hajui la kufanya? Nilichukua kipande cha waya mwekundu, kirefu kama kidole, nikakiruka kile kidude. Taa ikawa ya kijani. Bosi akanipigia makofi. Masanja aliniuliza ilikuwa na tatizo gani, nikamwambia imepona, asihangaike nayo.

Kwa nini sikumwambia? Hadi leo najiuliza...

Wiki tatu baadaye, asubuhi, umeme ulikatika ukarudi. Pampu ikawaka, lakini ilikuwa imepoteza maji, ikawa inazunguka bure. Maji kwenye bomba yakasimama. Mlinzi angezima mashine, lakini mlinzi nilikuwa nimemfumba macho. Mashine ikaendelea kufanya kazi, gesi ikajaa. Masanja alikuja kufagia, akasikia pampu inalia vibaya, akainama kutazama. Chombo kikapasuka usoni mwake.

Nilipofika walikuwa wameshampeleka hospitali. Chumba cha pampu kilinuka klorini, ndala yake moja ilikuwa imebaki mlangoni. Na ule waya wangu ulikuwa pale pale. Sikulia. Sikumwuliza mtu hali yake. Niliuchomoa ule waya, nikarudisha nyaya za kidude mahali pake, nikautia mfukoni. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya!

Jicho la kulia halikuokoka.

Yule fundi aliyeifunga mashine alikuja, akakuta kila kitu kimeungwa sawa. Akaniuliza mimi ninaonaje. Nikasikia mdomo wangu ukisema labda mtunza bwawa alifunga koki ya maji mashine ikiwa inafanya kazi. Ikaandikwa hivyo. Masanja akafukuzwa kazi akiwa bado na bandeji.

Kabula akataka kaka yake akae kwetu ili awe karibu na kliniki. Ningekataaje? Hapo ndipo gereza langu lilipoanza. Tulikula sahani moja. Asubuhi nilimwekea dawa ya jicho. Majirani waliniita shemeji wa mfano. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu akisema Mungu hakumnyima mume. Nilienda kuungama, na padre akaniambia Mungu husamehe, lakini ukweli huo una mwenyewe, nimpelekee. Nikarudi nyumbani, nikashindwa. Nikisema, namkosa mke. Nikinyamaza, namwekea tena dawa kesho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizunguka ndani ya nyumba moja, na kila mlango nilioufungua, Masanja alikuwa amekaa pale.

Siku moja ya Oktoba, mchana, Kabula alikuwa ameanika ulezi kwenye turubai uani. Masanja akaniita. Alikuwa amechuchumaa, na kwa kidole alikuwa amechora kwenye ule ulezi bomba zote za bwawa. Pampu, chujio, mashine, koki, hata kile kidude cha ulinzi. Hakukosea hata moja.

"Shemeji, nifundishe nilipokosea," alisema. "Koki hii sikumbuki kuigusa. Nakumbuka mikono yote miwili ilikuwa na fagio. Lakini wewe ndiye fundi. Ukisema niliifunga, basi niliifunga."

Akasema amemkataza mwanawe kusomea ufundi, kwa kuwa ukoo wao hauna akili ya mashine.

Niliingia ndani, nikafungua boksi la vifaa na kutoa ule waya. Sijui kwa nini sikuwahi kuutupa. Nikauweka juu ya ulezi, mahali pale alipochora mlinzi, nikamweleza yote. Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo.

Masanja aliuokota ule waya. Nilisubiri kipigo, nilikitamani!

"Kwa hiyo sikukosea," alisema.

"Hukukosea, shemeji."

Akatabasamu. Jamani, alitabasamu kama mtu aliyepona! Kisha akapangusa mikono, akakunja nguo zake na kurudi Mollo siku hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa bosi nikasema kweli. Masanja akaombwa arudi kazini, akakataa. Mimi nimekosa wateja. Mke wangu hajaondoka. Anapika, anafua, lakini haniiti tena baba Deo. Ananiita fundi.

Mafundi wenzangu, nawasihi. Mashine ikikataa, iulize sababu kabla ya kuilazimisha. Nanyi wenye mabwawa, hakikisheni pampu ikizima au maji yakisimama, na mashine ya klorini inazima. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usiache mtu mwingine abebe kosa lako hadi alizoee.

Huwa nakutana na Masanja sokoni. Mwanawe sasa anasomea umeme. Ananisalimia vizuri, ananiuliza watoto hawajambo. Ila kila mara anasimama akiwa amenigeuzia upande wa jicho lisiloona.