Mpini Mwekundu wa Skuta ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, Kiherehere alipangusa skuta ya umeme ya bibi yake. Miguu ya bibi ilikuwa imechoka, na bila skuta hiyo hakuweza kufika hata langoni. Jina la utani la Kiherehere lilimkaa sawasawa: alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kumaliza jambo moja bila kuanza jingine.

"Fanya haraka! Umebaki wewe tu!" wenzake walimwita kutoka nje.

Kiherehere aliinua mpini mwekundu ulio nyuma ya kiti, ule unaoiachia skuta ili isukumwe kwa mkono. Akaisukuma barazani, akaipangusa mbio mbio, kisha akatupa kitambaa na kukimbilia langoni. Mpini aliuacha juu.

Bibi akatoka, akaketi, akawasha. Alipobonyeza kidude cha mwendo, skuta haikwenda. Akajisukuma kidogo kwa mguu. Loo! Magurudumu ya mbele yakaingia kwenye mteremko wa saruji, skuta ikaanza kushuka kuelekea barabarani. Bibi akaachia kile kidude, maana siku zote ukikiachia skuta hujifunga yenyewe. Safari hii haikujifunga.

"Bibi, breki ya mkono!" Kiherehere alipiga kelele. "Ya kushoto! Ikamate, lakini usiibane ghafla!"

Bibi akaikamata. Skuta ikasimama hatua moja tu kutoka barabarani, na lori likapita likipiga honi.

Mama akaja mbio, akamkumbatia bibi. Wakati huo Kiherehere alizunguka nyuma ya kiti na kuushusha mpini kimyakimya.

Fundi aliitwa. Alikagua kila waya, akainuka akijikuna kichwa. "Mama, breki ni nzima."

"Nzima, na mama yangu nusura agongwe?" mama alifoka. "Juzi tu uliitengeneza! Usikanyage hapa tena."

"Msimlaumu," bibi alisema taratibu. "Labda ni mimi. Uzee huu! Ichukueni tu, nitakaa ndani."

Kiherehere alikaa, akainuka, akakaa tena. Fundi alikuwa anafunga mkoba wake.

"Ni mimi!" alisema, machozi yakimtoka. "Niliuacha mpini juu. Halafu nikaushusha mkiwa hamnioni."

Mama alifunika uso kwa mikono, kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuonea."

"Yamekwisha, mama," fundi alijibu. Akamwita Kiherehere, akauinua mpini na kuushusha mbele yake: tak! "Umesikia? Mpaka ulie hivyo. Kisha isukume skuta kabla mtu hajakaa. Ikikataa kwenda, breki imeshika. Na kwenye mteremko, mpini huu usiguswe kabisa."

Kiherehere alifanya mwenyewe mara tatu. Skuta haikusogea hata kidogo.

Bibi alimvuta karibu. "Mjukuu wangu, haraka haraka haina baraka, hilo umeliona. Lakini kusahau ni kwa kila mtu. Ungenyamaza, fundi angepoteza jina lake, nami ningepoteza miguu yangu. Kosa likisemwa mapema, hurekebishika. Likifichwa, humwangukia asiyehusika. Haya, futa machozi. Panda nyuma... hapana, kaa hapo hapo! Skuta hii ni ya mtu mmoja. Wewe tembea kando yangu, polepole."